Hatua Kumi

Februari, Ruai. Udongo mweusi umeachama,
nyufa zinameza wembe, sarafu, kifaranga mmoja.
Kila asubuhi napima pipa kwa kijiti:
maji ya kuoshea mchele ni ya sukuma wiki,
ya nguo, povu likishatulia, ni ya mparachichi.
Ya kisima hapana. Yana chumvi,
huuachia udongo ukoko mweupe
kama ulimi wa mgonjwa.

Mwaka jana, wiki kama hii,
nyasi za ng'ambo ya barabara zilishika moto.
Mtu alichoma taka, akaingia ndani kunywa chai.
Moto haukubisha hodi kwa Mzee Kithome:
ulipanda ua wake wa saiprasi kama ngazi
ukazifikia mbao za paa,
nasi tuko na ndoo zetu, na matawi mabichi,
na Mwikali anapiga simu, simu inasema subiri.
Paka alinusurika.
Cherehani ilibaki chuma kitupu.

Askari wa zimamoto alifika jua limezama.
Akatazama majivu, akatazama na kwangu, akasema:
mama, hatua kumi toka ukutani pawe wazi.

Basi tangu vuli ipite nimekuwa mkulima wa kuondoa.
Kupanda nilifunzwa na mama,
kuondoa najifunza peke yangu.
Nyasi nimezifyeka zikawa fupi kama ndevu za juzi.
Majani makavu nimeyazoa kwenye mfereji wa paa,
kuni nimezihamisha kutoka chini ya dirisha,
na bogenvila iliyokumbatia nguzo ya baraza
nimeikata huku naiomba radhi.
Ilinichana mkono. Ilikuwa haki yake.
Pale ilipokuwa nimemwaga kokoto,
mishubiri nimeipanga mbalimbali
kama wageni wasioelewana.
Mshubiri una maji tumboni; moto ukija
utakuta kazi.

Wekulo, kijana anayenisaidia, anacheka:
"Mama, hii ni bustani ama ni uwanja wa kanisa?"
Namwambia ngoja Machi iishe,
ngoja masika yapige bati,
utayatafuta malenge yangu kule nyuma kwa miguu
na utayapata kwa kujikwaa.

Limebaki jambo moja.
Saiprasi zako, Gitonga.
Saba, mstari mmoja, za mwaka tuliohamia,
miche ndani ya mikebe ya mafuta ya kupikia,
ukizinywesha kwa kikombe cha chai
nyumba ikiwa haina hata mlango.

Jana nilipima. Hatua kumi zangu
ziliishia futi nne kabla ya mstari.
Nikafurahi kama mwizi.
Nikamwambia Wekulo arudishe msumeno.

Usiku sikulala. Upepo ulitoka mashariki
nikayasikia matawi, yalivyokauka,
yanaongea lugha ya karatasi.
Alfajiri nikatoa buti zako za mpira stoo,
nikakung'uta buibui, nikazivaa na soksi mbili,
nikaegemeza kisigino ukutani.
Ulikuwa ukitembea kama mtu anayevuka mto.
Nami nikavuka hivyo, moja, mbili,
mikono nimeitanua nisianguke,
nikiomba majirani wasiwe wameamka.
Ya tisa ikanitia kivulini.
Ya kumi, paji la uso likagusa gome.

Nilisimama hapo mpaka jua likapata joto.
Utomvu ulininata kwenye nyusi.
Kisha nikamwita Wekulo.

La kwanza lilianguka saa nne, upande wa barabara,
bila kumdhuru mtu. Kisiki ni chekundu katikati.
Pete zake nimezihesabu kwa kucha,
nikapotea pale zilipobanana,
miaka ya ukame, au ile yako ya hospitali,
nikaanza tena.

Zimebaki sita.
Msumeno unataka kunolewa,
na buti hizi, hata kwa soksi mbili,
bado zinanipwaya.